Monsef, Kifuniko cha Kuskusi na Chewa wa Harusi

Katika ukoo wa Kammun hajawahi kuzaliwa mjinga. Hilo liwekwe wazi mapema, kwa sababu kisa cha Monsef kimeshapita katika vinywa vingi vya Sfax, na kila kinywa kimetia chumvi yake. Monsef alikuwa fundi wa vyerehani kwa miaka thelathini na sita. Nusu ya mabibi harusi wa mji ule wamevaa nguo zilizoshonwa kwa mashine alizozifufua yeye. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Kilichomshinda ni njia.

Alikuwa mtu wa kupotea, hakuna neno la adabu zaidi la kulisema. Alipotea utotoni, alipotea siku ya harusi yake mwenyewe, na miaka miwili kabla ya kisa hiki alipotea akiwa na sinia la baklawa la posa ya jamaa. Aliondoka nyumbani baada ya adhuhuri, akafika wageni wanavaa viatu, asali imemchirizikia mpaka ndani ya soksi. Tangu hapo wakamwita Monsef Baklawa. Hata muadhini alimwita hivyo, ingawa si kwenye kipaza sauti.

Ndipo mwezi wa Julai mpwa wake Ghazi akamwoa Olfa, binti wa akina Jalluli wa Njia ya Gremda. Ikakaribia siku ya samaki, siku ambayo upande wa mume hupeleka samaki mkubwa, bibi harusi akamruka mara saba mbele ya wanawake wote, kisha watu wakala. Samaki huyo hupelekwa na baba wa bwana harusi. Baba yake Ghazi alikuwa amelala makaburini mwaka wa tano sasa, na aliyebaki kusimama mahali pake alikuwa mdogo wake, Monsef.

"Apeleke mtu mwingine," alisema Nafisa, mama yake Ghazi. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtu akiongea naye hujikuta ananyoosha mgongo.

"Shemeji, mimi ndiye baba yake mdogo."

"Najua wewe ni nani. Ninachouliza ni utakuwa wapi."

"Nitakuwa kwa akina Jalluli, saa tano kamili."

"Saa tano ya siku hiyohiyo?"

Monsef akasema kwamba akichelewa safari hii, wamwite jina lolote walitakalo hadi kwenye jiwe la kaburi lake, hata Baklawa, hatanung'unika. Nafisa alimtazama, akaikumbuka sura ya marehemu mumewe, maana ndugu wale walifanana paji la uso, akasema, "Haya. Lakini Monsef, wale ni Jalluli. Wanahesabu hata pumzi za watu."

Nafisa hakujua kwamba shemeji yake ana silaha. Binamu yao wa Lyon alikuwa amenunua gari jipya, akamwachia GPS ya lile la zamani: kioo kidogo chenye ramani na sauti ya mwanamke. Tatizo ni kwamba Monsef hakuwa na gari. Alikuwa na pikipiki ndogo ya pedali, kongwe kuliko Ghazi, isiyo na betri wala tundu la kuwashia sigara, ambamo waya wa kile kidude ulitaka kuchomekwa. Tena kilisimama kwa kikombe cha mpira kinachonyonya kioo cha gari, na pikipiki ile haikuwa na kioo chochote ila kimoja cha pembeni, nacho kimepasuka.

Fundi hashindwi na vitu vya kushikika. Alipata betri ya gari kwa wauza vyuma chakavu, pamoja na tundu la kuwashia sigara, akaifunga betri kwenye kreti nyuma ya kiti kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Akavuta waya chini ya tandiko. Kisha akatafuta kitu kipana, laini, kinachong'aa, ambacho kikombe kile kingeweza kukinyonya. Alijaribu sahani, ikapasuka. Alijaribu kigae cha bafuni, kikaanguka mguuni. Hatimaye akaenda kwa Nafisa kumsalimu, na alipotoka alikuwa na kifuniko cha chungu chake kikubwa cha kuskusi chini ya kanzu.

Atarudisha, aliwaza. Akakitoboa matundu mawili na kukikaza kwenye usukani kwa skrubu za cherehani. Kikombe kikanata kama chaza.

Likabaki jambo moja. Betri ilikuwa nzito mno, na kila alipoondoka gurudumu la mbele lilinyanyuka kama punda aliyeona nyoka. Lakini alfajiri ya siku yenyewe, aliponunua chewa wa kilo tisa na kumlaza kwenye kikapu cha mbele juu ya barafu, pikipiki ikatulia. Samaki mbele, betri nyuma, Monsef katikati kama mzani wa sonara.

"Unaenda na hiyo?" jirani yake Lassad alimuuliza, kahawa mkononi. "Baklawa, bwana, Gremda ni njia moja iliyonyooka! Unakaa juu yake!"

"Vichochoro havijanyooka."

"Na hilo sinia la nini? Unapika njiani?"

"Sayansi, Lassad. Kunywa kahawa yako."

Sasa, mtu wa Sfax hana namba ya nyumba. Ana njia na kilomita. Akina Jalluli walikuwa Njia ya Gremda, kilomita saba na nusu, kichochoro cha kushoto baada ya duka la dawa, mlango wa buluu. Kidude hakikuwajua Jalluli wala kichochoro chao. Kilichokijua ni Gremda tu. Lakini kona moja ya kioo ilihesabu mwendo, na Monsef akaona hiyo inatosha: atafuata sauti mpaka kona isome saba na nusu.

Alichosahau ni kile ambacho kila mtoto wa Sfax hunyonya na maziwa ya mama yake: kilomita zetu huanzia kwenye ukuta wa mji wa kale. Kidude kilianza kuhesabu mlangoni kwake, naye alikaa kilomita mbili na nusu kutoka ukutani.

Safari ilikuwa njema. Mama wa kwenye kioo alisema "Endelea moja kwa moja," na Monsef akaitikia, "Ndiyo, bibie." Jua lilipiga kifuniko cha kuskusi, madereva waliokuja mbele wakajikinga macho na kumtukania ukoo, jambo ambalo hakulisikia kwa ajili ya injini. Hakutazama jiwe la kilomita hata moja. Macho yalikuwa kwenye kona ya kioo. Saba. Saba na robo. Saba na nusu, na hapo, wallahi, palikuwa na duka la dawa! Akapinda kushoto. Mlango wa buluu. Na mbele yake taa za rangi, viti vya kukodi, na wanawake wanaochungulia juu ya ukuta.

"Samaki! Samaki amefika!"

Vigelegele vikapaa. Mlango ukafunguka, mikono kumi ikamnyakua chewa kutoka kikapuni, akaingizwa ndani kama mfalme. Mtu akija na chewa wa kilo tisa siku ya samaki haulizwi kitambulisho. Papo hapo gurudumu la mbele, lililokuwa limepoteza mzigo wake, likanyanyuka taratibu, pikipiki ikakaa kitako, na Monsef akateleza akaikumbatia betri.

Wazee walimwinua, wakampangusa, wakampa juisi ya lozi. Ilikuwa saa tano kasoro dakika nne. Alikaa kitini huku amejaa fahari mpaka kifungo cha juu kikambana. Laiti kaka angemwona!

"Wewe ni nani kwa bwana harusi?" aliuliza mzee mmoja kwa upole.

"Baba yake mdogo."

"Mashallah. Hatukukuona siku ya kuandika ndoa."

"Nilikuwepo. Nilichelewa kidogo."

Ndani wanawake walianza kuhesabu kwa sauti moja. *Moja!* Vigelegele. *Mbili!*

"Anis hakutuambia ana baba mdogo fundi," mzee alisema, akikitazama kifuniko.

"Anis ndiye nani?"

*Tatu!*

"Bwana harusi."

"Bwana harusi ni Ghazi."

*Nne!*

Mzee aliweka glasi chini. "Ghazi wa nani?"

"Ghazi Kammun! Anamwoa Olfa Jalluli! Kwani hapa si kwa Jalluli?"

"Jalluli wako kilomita saba na nusu, mwanangu. Hapa ni kumi."

*Tano!*

Monsef alisimama na kupiga ukelele ambao haukuwa wa heshima ya ukoo wake. "Simamisheni! Bibi harusi asiruke!"

Pazia likafunuliwa, akatoka bibi wa nyumba, Hajja Dalanda, mfupi, hina mpaka kwenye vifundo, fimbo mkononi. Nyuma yake alionekana bibi harusi, msichana mrefu kama mnara, ameshika gauni, mguu mmoja hewani.

"Nani anasimamisha?"

Monsef akaeleza yote: kidude, kilomita, marehemu kaka yake, hata soksi za asali. Alipomaliza machozi yalikuwa yamemlengalenga. Hajja aliketi juu ya kreti ya betri na kufikiri.

"Wakwe zetu walisema saa nne. Mpaka sasa hata dagaa hatujaona," alisema. "Na sasa mjukuu wangu amemruka mara tano samaki wa watu. Ikijulikana, tutachekwa mpaka Gabes."

"Hata mimi, Hajja. Mimi nimeshachekwa mpaka Tunis."

"Basi sikiliza. Hesabu haikatizwi kwenye tano. Ndoa ya miruko mitano ni ndoa ya kiti cha miguu mitatu. Rukeni mbili zilizobaki!" aliwaagiza wanawake. "Samaki hachakai kwa kurukwa, tena hana ulimi wa kusimulia. Wakwe wakija na samaki wao, tutampika huyo na tutasema tumeruka. Wewe utanyamaza, na sisi tutanyamaza."

"Lakini nimechelewa, Hajja. Shemeji yangu—"

"Mtu mmoja akichelewa ni mchelewaji. Watu arobaini wakichelewa ni msafara. Wanangu, washeni magari!"

Saa tano na nusu Nafisa alikuwa amesimama mlangoni kwa akina Jalluli, mgongo umenyooka kama rula, huku mama yake Olfa akimuuliza kwa mara ya tatu, kwa sauti tamu kama sumu, kama shemeji yake anaijua Gremda. Ndipo wakasikia honi. Mbele ilikuja pikipiki moja yenye sinia linalomeremeta kama jua la pili, na nyuma yake magari sita, pikipiki nne, na gari la mizigo lililojaa wanawake wanaopiga vigelegele na ngoma za darbuka. Mama wa kwenye kioo alikuwa akilia, "Geuka urudi ulikotoka! Geuka urudi ulikotoka!" lakini hakuna aliyemsikiliza.

Akina Jalluli walitoka wote. Waliwahesabu watu, kama kawaida yao, na hesabu ikawashinda.

"Kumbe Kammun ni wengi hivi," mama yake Olfa alinong'ona.

"Tumezoea," alisema Nafisa, uso haukutikisika. Lakini Monsef alipompitia na samaki mikononi, alimsogelea sikioni. "Hawa ni akina nani?"

"Wa kwetu, shemeji."

"Kwetu wapi?"

"Kilomita kumi."

Nafisa alifumba macho mara moja, akafumbua. Miaka thelathini mbele ya watoto ilimfundisha lini aulize na lini apige vigelegele. Akapiga kigelegele. Olfa, aliyekuwa mfupi, aliruka mara saba huku amejishikilia kwa mama mkwe, na wanawake wa Hajja Dalanda walihesabu kwa nguvu kuliko wote, maana walikuwa na mazoezi. Hakuna aliyemwita mtu Baklawa siku ile wala baada ya hapo. Jina jipya ni Monsef Msafara, na huitikia.

Watu walipokaa kula, Nafisa alitoka uani kuvuta pumzi. Akaikuta pikipiki imesimama kwa gurudumu la nyuma, na kwenye usukani akakiona kifuniko chake.

"Monsef!"

Nafisa hakuwahi kununua kifuniko kingine. Kila Jumapili, siku ambayo Monsef huja kula, mvuke hupita kwenye yale matundu mawili, na chungu hupiga mluzi mwembamba unaosikika hadi uani. Ghazi akiusikia humwambia Olfa aongeze sahani, baba mdogo amekaribia kona. Na kweli, nusu saa baadaye hufika.