Nyuki Ndani ya Dohani

Nyumba ya baba mkwe, juu kidogo ya mji wa Tarime, ilijengwa na wamisionari walioogopa baridi yetu. Sebuleni waliacha meko ya kuotea moto, yenye dohani ya kutolea moshi iliyopita ndani ya ukuta. Sisi hatukuwahi kuyawasha. Mume wangu aliponunua televisheni ya flati skrini, aliamua itundikwe hapo juu ya meko, mzee aione vizuri kutoka kwenye kiti chake. Mzee hakuwa akitembea tena tangu apate kiharusi.

Siku fundi alipokuja, mume wangu alikuwa kazini Mugumu. Nilisimama nje ya mlango wa sebule. Kwetu Wakurya, mke wa mwana hamgusi baba mkwe, wala haketi naye chumba kimoja.

Fundi, Msukuma aliyefuata dhahabu huku akaishia kufunga madishi, alitoboa tundu la kwanza. Drili ikazama ghafla.

"Mama, ukuta huu una uwazi," akasema, akaizima.

Mngurumo haukukoma.

Tulitazamana. Nyuki wakaanza kutoka kwenye tundu, mmoja mmoja, kisha wakamwagika kupitia mdomo wa meko wakajaa sebule nzima. Fundi aliruka kutoka kwenye ngazi, akanipita akipiga kelele na kujikung'uta kichwa.

Mzee alibaki kitini. Nilimwona akipunga ule mkono wake mzima, nyuki wamemtanda kichwani. Sitasema uongo, nilikimbia. Nilifika mpaka katikati ya ua. Ndipo nikamsikia akikohoa, nikarudi.

Nilichomoa blanketi chumbani nikaingia.

"Usiniguse!" akasema. "Mwite mume wako!"

"Baba, atakukuta umekufa."

Nikamfunika, nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamburuta hadi jiko la nje na kufunga mlango. Nyuki walionifuata na kuniuma mkono niliwaua kwa kanga. Mle gizani mzee alihema kwa kukoroma, halafu akanyamaza.

"Baba? Baba?"

Hakujibu. Sikujua kama ni hasira au ndiyo anakata roho, na niliogopa kumgusa tena ili nijue.

Fundi ndiye aliyerudi na bajaji. Zahanati walimchoma mzee sindano, wakamtoa miiba usoni na shingoni. Jioni pumzi yake ikatulia.

Nyumbani alikaa siku tatu bila kuligusia jambo lile. Nilikosa usingizi nikiwaza kwamba ataita wazee wa ukoo, nisimamishwe mbele yao. Siku ya nne, nikiwa jikoni, nilimsikia akimwuliza mume wangu:

"Mkono wa mke wako umepungua uvimbe?"

"Bado, baba."

"Na maji leo anachota nani?"

"Yeye mwenyewe, baba."

"Basi chukua ndoo," mzee akasema.

Na mume wangu akachukua ndoo.