Mtu Aliyemsalimia Mama

Nina mdomo, na sijawahi kuuficha. Tangu nifungue duka langu la fotokopi pale Utemini, Singida mjini, nimegombana na mafundi wa mashine, na wateja wanaotaka nakala kwa mkopo, na mchungaji mmoja aliyetaka kadi za mchango bure kwa sababu ni kazi ya Mungu. Nilimwambia hata wino ni wa Mungu lakini unauzwa. Kwa hiyo wale watu wa meseji walipoanza kunisumbua niliona nimeletewa mchezo ninaouweza.

Meseji zenyewe unazijua. Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina shida. Hela gani, hasemi. Mmoja alijiita mwenye nyumba wangu, akataka kodi iingie kwenye namba mpya. Nyumba ninayokaa aliniachia marehemu mume wangu, basi nikamjibu kwamba mwenye nyumba ni mimi, yeye ndiye hajalipa, na atoe vyombo vyake kabla sijavitoa mwenyewe. Mwingine alipiga na sauti ya ofisini akasema laini yangu itafungwa leo hii. Nikamwambia afanye haraka, labda nitapata usingizi. Wateja waliokuwa wanasubiri karatasi zao walicheka mpaka wengine wakaanza kuja na simu zao ili niwajibie. Nilijiona fundi, na kusema kweli nilifurahia.

Siku moja mmoja wao akanijibu.

"Dada, una maneno makali. Mama yako ni mpole sana. Goti lake linaendeleaje?"

Niliisoma mara mbili. Mashine nyuma yangu ilikuwa inatoa nakala za cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa watu, na sikukumbuka kuizima mpaka karatasi zikaisha. Mama yangu anaishi kijijini, si mbali na Kiomboi, peke yake na kuku wake. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba tangu wakati wa kuvuna alizeti. Hilo nililijua mimi, kaka yangu aliyeko Itigi, na majirani wa mama. Nilianza kuandika tusi nikaona vidole havitaki. Niliogopa.

Nikampigia mama hapo hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona saa hizi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Kuna mtu usiyemjua amekupigia?"

"Simjui nani? Amenipigia yule mwanangu tu, asubuhi."

"Mwanao yupi?"

"Yule aliyekosea namba."

Jumapili nilikwenda kijijini. Nilimkuta mama amekaa kwenye mkeka uani, mguu ameunyoosha, anachambua mtama. Akanieleza bila wasiwasi wowote. Wiki kadhaa zilizopita kijana alipiga, akasema samahani mama nimekosea namba, halafu akasema shikamoo. Mama akaitikia. Na kwa kuwa ameitikia, akamuuliza yeye ni nani na kwao ni wapi. Kijana akasema ni mtu wa huku huku Iramba, anafanya kazi mbali, mama yake alishafariki, na sauti ya mama imemkumbusha. Kesho yake akapiga tena kusalimia. Tangu hapo hakuruka hata asubuhi moja.

Kwetu salamu haikatwi katikati. Mtu anakuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mifugo, za shamba, za mvua, na anaziuliza moja moja. Mgeni atadhani ni adabu tu, kwamba unasema nzuri na mambo yamekwisha. Kwa watu wa umri wa mama sivyo. Unasema nzuri kwanza, kisha unarudi nyuma na kulipa kila swali haki yake: watoto wazima, ila yule wa Singida biashara imelegea, mifugo ipo, ila kuku wawili wamekufa, mimi ni mzima, ila goti. Ni aibu kumficha mtu aliyekuuliza hali. Huyo kijana hakuhitaji kuiba chochote. Aliuliza habari za huku kama tulivyofundishwa sote, na mama akamjibu kama alivyofundishwa. Namba yangu pia alimpa, imeandikwa ndani ya jalada la kitabu chake cha nyimbo, na mtoto wa jirani ndiye aliyemsomea. Kijana alisema akipita Singida angependa kunisalimia.

"Mama, huyu ni mwizi," nilisema.

"Ameiba nini?"

"Bado."

"Ameniomba nini?"

"Mama, anakusanya habari zetu. Siku moja atanipigia aseme unaumwa, umelazwa, zinatakiwa hela haraka, na nitamwamini kwa sababu anajua kila kitu."

Mama aliendelea kuchambua mtama. Akasema kwamba mtu amekusalimia, huwezi kumfukuza kama mbwa. Halafu akaongeza, bila kuniangalia, "Wewe ukipiga unaniuliza kama nimekunywa dawa, unakata." Nilikasirika, nikamgeuzia kibao kwa kumpa amri.

"Sikiliza. Kuanzia leo, mtu yeyote akinipigia kwa namba nisiyoijua kuniambia unaumwa, sitamwamini. Na kaka naye nitamwambia hivyo hivyo."

"Na kama ninaumwa kweli?"

"Utanipigia mwenyewe, kwa simu yako."

Akasema sawa.

Wiki zilizofuata sikuwa na raha. Meseji ziliendelea kuja kila siku mbili tatu, kila mara namba nyingine. Mvua imefika huko kwenu, mama atapanda wiki hii. Kuku wameanza kutaga tena, Mungu mkubwa. Hakuomba shilingi. Angeomba ningepumua, maana mwizi anayeomba unajua anataka nini. Huyu alikuwa anakaa tu pembeni ya maisha yetu, anahesabu kuku. Niliacha kumjibu. Nilianza kuwatazama wateja usoni, kijana yeyote mwenye lafudhi ya kwetu nikimshuku, na mara mbili nilimfokea mtu ambaye hakuwa na kosa lolote zaidi ya kuniuliza hali yangu.

Ndipo ikaja simu ya Jumanne. Ilikuwa saa nne asubuhi, duka limejaa wanafunzi wa chuo wanaosubiri kuchapa ripoti zao. Namba ngeni. Niliipokea na kuiweka spika juu ya kaunta, kwa sababu nilishazoea kuwa na watazamaji.

"Shikamoo dada," ilisema sauti ya mwanamke, ya mtu mdogo.

"Marahaba."

"Habari za Singida?"

"Nzuri."

"Za biashara?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo? Na mvua huko imenyesha?"

Nilijua wamebadilisha mpigaji, wameleta mwanamke ili nilegee. Nikawakonyeza wanafunzi.

"Mvua imenyesha. Endelea."

"Tunashukuru Mungu. Mama naye yupo, dada, ila kidogo hayuko vizuri."

"Na simu yake imezima chaji. Si ndiyo?"

"Ndiyo dada. Umejuaje?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Yule mwanamke akasema mama ameanguka uani, hawezi kusimama, na wanatafuta usafiri wa kumfikisha hospitali. Nyuma yake nilisikia mtu akigumia. Nikasema loo, leo mmekodi na waigizaji. Kicheko kikazidi, na kicheko cha watu wengine ni pombe, hujui umefika wapi mpaka umeanguka.

"Dada, ninakuomba..."

"Sikiliza wewe. Usinisumbue na habari za kuanguka. Akishakufa ndipo unipigie, nije na jembe la kuchimba kaburi."

Nikakata. Nikaifungia namba ile isipige tena. Mwanafunzi mmoja alinipigia makofi.

Mchana nilimpigia mama, simu haipatikani. Nikajiambia chaji imeisha, si mara ya kwanza. Jioni haipatikani. Nilikula, nikalala, ingawa sikulala vizuri. Asubuhi haipatikani bado. Nilimpigia katekista wa kule kijijini, mtu ambaye namba yake ninayo miaka mingi, na hata shikamoo sikumpa.

"Mama yuko hospitali tangu jana," alisema. "Si ulipewa taarifa? Waliniambia ulipigiwa."

Sijui nani alifunga duka siku ile. Nilipofika wodini Kiomboi nilimkuta mama amelala chali, mguu umefungwa, mfupa wa nyonga umevunjika. Kwenye benchi kando ya kitanda alikaa mwanamke mdogo aliyekuwa amebeba uji kwenye chupa ya chai. Alisimama akaniambia shikamoo dada, nikaijua sauti. Alikuwa mke wa jirani, ameolewa mwaka ule kutoka Ikungi, nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa ameuguza mama yangu siku nzima na usiku kucha.

Nilimvuta nje ya wodi. Nilitaka kumwomba msamaha lakini kwanza nilitaka kujua jambo moja.

"Wakati unanipigia, mama alikuwa wapi?"

"Alikuwa amelala kwenye mkeka. Nilimwekea simu karibu na sikio, dada, kwa spika, ili akusalimie mwenyewe. Kwetu ndivyo tunavyofanya. Mgonjwa akisikia sauti ya mtoto wake anapata nguvu."

"Alisikia?"

Aliangalia chini. "Simu yangu ina sauti kubwa."

Kwa nini hakuanza na kuanguka? Kwa nini alinizungusha kwenye biashara na mvua wakati mtu yuko chini? Nilikuwa nataka kumlaumu kwa hilo, mdomo ukafunguka kabisa, nikaufunga. Habari mbaya haitupwi mbele ya mtu kabla hajasalimiwa. Alilelewa vizuri, ndilo kosa lake.

Nilirudi nikakaa kando ya mama. Nilimwambia shikamoo, akaitikia. Akaniuliza habari za safari, za duka, za watoto, na mimi nikajibu. Nilisubiri anigombeze. Ningetoa chochote anigombeze.

"Mama, nilidhani ni wale wezi."

"Najua," alisema.

Hapo simu yake ikaita. Yule mke wa jirani alikuwa ameipeleka kuchajiwa kwenye kibanda nje ya geti la hospitali, na alikuwa ameirudisha muda si mrefu. Mama aliipokea, akaiweka sikioni, na niliijua ile sauti laini hata kabla sijasikia maneno.

"Simu ilizima, mwanangu," mama alisema. "Nimeanguka. Nyonga. Asante. Hapa hapa hospitali. Hapana, siko peke yangu, dada yako amefika." Akasikiliza. Kisha akanigeukia. "Anakusalimia. Anakupa pole kwa kuuguza."

Siku nyingine ningemnyang'anya ile simu. Ningemwambia yule mtu za mwizi ni arobaini, na mengine ambayo hayaandikiki. Nilimtazama mama, nikaona hana nia ya kumlinganisha mtu huyo na mimi, na kwamba kwa siku ile mwizi ndiye aliyekuwa amempa pole kwanza.

"Mwambie tunashukuru," nilisema.

Nyonga ilichukua miezi. Sasa mama yuko kwake, anatembea na fimbo, amekataa kuja kukaa Utemini. Yule kijana bado anapiga, na mpaka leo hajaomba kitu, na mpaka leo siachi kujiuliza anasubiri nini. Mimi pia ninapiga kila asubuhi, ninauliza yote, nyumba, kuku, shamba, mvua, goti, nyonga. Mama ananijibu nzuri. Nikisubiri arudi nyuma aniambie iliyobaki, ananyamaza. Nimemwomba msamaha mara nyingi kuliko nilivyowahi kumwomba mtu yeyote, na kila mara anasema yameisha. Ninamwamini kwamba hana kinyongo. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mwezi uliopita nilikwenda bila kumwambia. Nilimkuta amekonda, macho yameingia ndani, sauti imekuwa ndogo. Nikamuuliza, akasema nzuri. Nilitoka nikaenda kwa yule mke wa jirani, ambaye namba yake nilishaifungua zamani na kuihifadhi kwa jina lake, nikamuuliza mama ana nini. Alishangaa kwamba sijui. Mama alikuwa amelazwa siku nne kwa homa ya mapafu, simu zangu za asubuhi akizipokea kitandani wodini, tena safari hii madaktari walikuwa na wasiwasi.

"Siku nne!" nilisema. "Na hukunipigia?"

"Nilitaka, dada. Nilishika simu. Mama alinizuia."

"Alisemaje?"

Nilimshika mikono yote miwili nikamwambia aseme.

"Alisema nisikusumbue. Alisema wewe ulishatuambia tukupigie akishakufa." Akaharakisha kuongeza, "Hakusema kwa hasira, dada. Alisema kama mtu anayenikumbusha utaratibu."

Tangu siku hiyo namba ngeni zote ninazipokea, na ninaitikia salamu zote mpaka mwisho. Namba ninayoiogopa ni ya yule mke wa jirani. Haijanipigia bado, na kila nikifungua duka asubuhi ninaomba isipige.