Chupa Saba Nyuma ya Vitenge

Nyuma ya vitenge vyangu, kwenye kabati la chumba cha wageni, kuna bangi. Nasema mapema ili anayetaka kushtuka ashtuke sasa, tuendelee. Ni ya mume wangu. Tumeipanda wenyewe uani hapa Kensington, huku kusini kabisa mwa Afrika, na sheria ya nchi hii inamruhusu mtu mzima kupanda kidogo nyumbani kwake kwa matumizi yake mwenyewe, mradi asiuze. Mimi ni fundi cherehani, mtoto wa Bukavu, na kanisani naimba sauti ya kwanza. Sivuti. Lakini ukitaka kujua ua la bangi linavyohifadhiwa likakaa mwaka mzima, njoo uniulize mimi, maana nimeliharibu kwa kila njia.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa geti. Siku moja gari lilirudi nyuma bila dereva kutazama, likambana ukutani, na nyonga yake sasa ina chuma ndani. Vidonge vya hospitali vilimtuliza nyonga vikamchoma tumbo. Akivimeza, chakula hakipiti. Asipovimeza, usingizi haupo. Alikonda mpaka nikawa nampunguzia suruali kila baada ya miezi miwili, kazi niliyoichukia kuliko zote nilizowahi kufanya kwenye cherehani ile.

Mwaka wa pili wa mateso hayo, jirani tunayepakana naye ukuta, mzee wa Kireno anayelima sukuma wiki na zabibu, alimletea mche ndani ya kopo la rangi. Nilisonya. Mche ukakua, ukachanua, ukavunwa, na alasiri moja mume wangu akaketi juu ya kreti nyuma ya nyumba akavuta mara mbili, mara tatu. Jioni akala ugali wote uliokuwa kwenye sahani, akaomba mwingine. Nilisimama na mwiko mkononi nikimwangalia tu. Tangu siku hiyo sijasonya tena.

Shida ni majira. Hapa unapanda mvua zikianza mwezi wa kumi, unavuna mwezi wa nne kabla baridi ya barafu haijaua kila kitu. Mavuno ni mara moja. Kilichovunwa mwezi wa nne lazima kimfikishe mtu mwezi wa nne mwingine, la sivyo anarudi kwenye vidonge na kukesha. Kununua mitaani hatukutaka, kwa sababu si halali, na hujui wamenyunyizia nini.

Mavuno ya kwanza niliyachunga kama mama yangu alivyochunga maharage. Kwetu, kila mwisho wa mwezi Mama aliyatoa maharage yote, akayamwaga mkekani juani, akayapepeta, akayachanganya na majivu, akayarudisha. Kisichoona jua kinaoza. Hayo ndiyo niliyolelewa nayo, na nani angebishana na mwanamke ambaye maharage yake hayakuwahi kutobolewa na mdudu? Basi nami kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilitandaza kitenge juu ya ukuta nikaanika maua ya mume wangu. Namshukuru Mungu sikutia majivu. Niliyafikiria, nisiwafiche.

Upepo wa mwezi wa nane ulipeperusha mengine mpaka kwenye sukuma za Mreno. Yaliyobaki yakageuka rangi ya tumbaku, ukiyashika yanakuwa vumbi, na harufu hakuna. Mume wangu akawa anavuta mara nne zaidi, anakohoa, hapati kitu. Kuanzia mwezi wa kumi hadi mavuno mengine alirudi kukonda, nami nikarudi kupunguza suruali. Hakunilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu, kwa kuwa mimi nilijilaumu kwa niaba yetu wote wawili.

Hapo udadisi ukanishika. Nilikwenda kwa Mreno nikamwambia anifundishe, na aliposikia habari ya kuanika alicheka akashika ukuta. Akanipeleka kwenye gereji yake. Kulikuwa na giza, baridi kidogo, na chupa za kioo zimepangwa rafuni kama jamu. Akafungua moja akavunja ua katikati, akanionyesha lile vumbi jeupe linalometa juu yake, mfano wa sukari iliyonata. Nguvu iko humo, alisema, na harufu iko humo. Jua linaila. Joto linaila. Hewa inaila polepole. Unyevu hauili, ila unaleta ukungu, na ukungu ukiingia mapafuni ni balaa jingine.

Nilimuuliza maswali mpaka mkewe akaja kuona kuna nini. Kwa nini kioo, si plastiki? Kwa nini giza? Kwa nini usigandishe tu kwenye friza kama nyama? Akajibu mawili, la tatu akaniambia nijaribu mwenyewe. Basi nikajaribu. Mavuno ya pili nilitenga maua machache ya kuharibu kwa makusudi: mengine kwenye plastiki, mengine kwenye chupa dirishani, mengine kwenye friza, mengine kwenye chupa kabatini. Matokeo niliyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja. Ukilifungua leo utasoma: kifua tisini na nane, kiuno themanini na nne, chupa ya dirishani imefifia, inanuka nyasi kavu.

Friza ndiyo ilinichekesha, tena kicheko cha hasira. Maua yakiganda, ile sukari inakatika ukiyagusa tu, inabaki chini ya chombo. Halafu eish, loadshedding ikaja, ule mgao wa umeme, ukakatika kwa saa nne, ukarudi, ukakatika tena, na kila ukirudi kulikuwa na maji ndani ya kifuniko. Plastiki nayo ilinyonya harufu ikabaki nayo. Ya kabatini, baada ya miezi sita, ilinuka kama siku niliyoifunga: ganda la chungwa na udongo uliotoka kunyeshewa. Nilikaa kitandani nikiinusa kama mwendawazimu. Nilifurahi, jamani, nilifurahi kama mtoto.

Basi njia yangu ikawa hii. Unayaning'iniza gizani kwenye stoo, siku kumi hivi, mpaka kijiti ukikipinda kinavunjika badala ya kukunjika. Unaweka kwenye chupa, usishindilie. Wiki mbili za kwanza unafungua kila siku dakika chache yapumue, kisha mara moja kwa wiki, kisha unafunga kabisa. Ndani ya kila chupa niliweka kipimo kidogo cha unyevu. Kikisoma sitini, nalala vizuri. Mwaka ule nilizijaza, nikazificha nyuma ya vitenge, nikaacha kunusa. Kipimo kilitosha, nilijiambia.

Januari Mama akaja kututembelea kutoka Bukavu. Mama yangu ni mama wa kanisa hasa, yule aliyewahi kumtoa mwimbaji kwenye kwaya kwa sababu ya harufu ya bia. Na chumba cha wageni ndicho chenye kabati. Chupa zilikuwa zimebaki saba, na saba ndizo hasa zilizohitajika kutufikisha kwenye mavuno. Nikaongeza vitenge vingine mbele ya chupa, nikamwambia Mama nguo zake azitundike mlangoni. Mume wangu akanicheka, akasema, "Mama watoto, huyo ndiye aliyekuzaa wewe. Unafikiri hatapekua?"

Asubuhi moja nilikwenda Doornfontein kununua uzi na zipu. Niliporudi nilipita uani. Jua la Januari lilikuwa kali kabla ya mvua ya alasiri, mkeka umetandikwa chini, na juu yake, majani ya kijani. Mama ameinama pembeni.

Nilipiga kelele. "Mama! Jua! Ondoa juani, Mama, utaniulia mume!" Nilitupa mfuko wa uzi, nikavuta koti la mvua nililolibeba begani nikalifunika lile rundo, nikapiga magoti juu yake. Mama alinitazama tu mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Hiyo unayoikumbatia imeoza," alisema. "Nimeimwaga hapa niitazame vizuri kabla ya kuitupa. Zingine ziko jikoni, kivulini. Nimenusa zote saba. Sita ni nzima."

Nikainua koti. Nikachukua ua nene kuliko yote nikalivunja. Katikati kulikuwa na nyuzi za kijivu, laini, kama utando wa buibui. Mbio nikaenda jikoni kutazama kipimo cha chupa ile: sitini. Nikakitikisa: sitini. Nikakipumulia kwa mdomo mpaka kioo chake kikafanya ukungu: sitini vilevile. Kilikuwa kimekufa, sijui tangu lini, na ile ndiyo chupa niliyopanga kumpa mume wangu wiki inayofuata. Angeivuta. Nikakaa sakafuni. Vipimo vyote nilivyoandika daftarini, na aliyetuokoa ni pua ya mwanamke wa maharage.

Mama akaja akakaa kwenye kiti cha jikoni. Nilijua lazima niseme.

"Mama, unajua hii ni nini?"

"Mimi ni mzee, si mjinga." Alichukua chupa moja akaanza kupangusa kifuniko kwa ncha ya kitenge chake. "Baba yako alipougua, ulikuwa mdogo. Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Nilikumbuka majirani wakiongeza sauti ya redio ili wasimsikie akilia, na uji wake ukipoa bila kuguswa.

"Yule mzee wa nyumba ya chini alimletea hii, imefungwa kwenye jani la mgomba. Alisema ni ya maumivu, avute kidogo. Mimi nikaipeleka chooni nikaitupa. Nilikuwa mama wa kanisa, watu wangesema." Akafunga kile kifuniko, akajaribu kama kimekaza. "Ile harufu sijaisahau. Nilipoingia chumba chako niliijua kabla sijafungua kabati."

Nilitaka kumkasirikia, na nilimkasirikia, na papo hapo nilitaka kumshika mkono.

"Analala?" aliuliza.

"Analala, Mama."

"Zilizobaki zitafika?"

"Tukibana, zitafika."

Akasimama, akabeba chupa mbilimbili kuzirudisha kabatini, nami nikamfuata. Alizipanga nyuma ya vitenge kwa mpangilio wake, zisigusane. Ya sita hakuirudisha mara moja. Aliifungua, akainama juu yake, akanusa kwa muda mrefu, macho ameyafumba.

"Baba yako angekula," alisema.