Maji ya Sabuni Kwenye Breki

Mume wangu Kipngetich hana fundi. Nikisema hana, simaanishi kwamba hajampata; amewakataa wote. Zamani fundi mmoja wa mjini Eldoret alimtolea stata nzuri akamwekea mbovu, na tangu siku hiyo hakuna mkono wa mtu mwingine uliogusa Landrover yake. Hapa kwetu Sugoi ukiona miguu imetokeza chini ya gari la kijani, na wimbo wa kanisa unatoka huko chini, huyo ndiye. Sufuria zangu mbili zinanuka petroli mpaka leo kwa sababu ya kuoshea vyuma vyake. Nikilalamika ananiambia, "Jemutai, sufuria ni sufuria." Sufuria ni sufuria! Na chai ya wageni nipikie wapi, kwa bonneti?

Lakini niseme ukweli, anajua kazi. Lile gari lina miaka mingi kuliko ndoa yetu, na bado linabeba maziwa, linabeba mbolea, linavuta magari ya wenyewe kutoka kwa matope. Shida ni kwamba ni yeye tu analijua vizuri. Gia ya pili lazima uinyanyue kidogo ndiyo iingie. Mlango wa kushoto unafungwa na waya. Yote yako kichwani mwake, hakuna mahali ameandika, na mtu akimuuliza gari likoje anajibu, "Iko sawa kabisa." Hayo maneno anayapenda sana.

Mwezi wa nne breki zilivuja akitoka Cheptiret. Akafanya vile wanaume wa huku hufanya wakikwama: alimimina maji ya sabuni mahali pa mafuta ya breki, akafika nyumbani polepole. Kesho yake akabadilisha raba iliyokuwa imekatika, akakanyaga pedali, akaona ni ngumu, akaridhika. Maji hakuyatoa. Kwa barabara zetu za tambarare unaweza kukaa hivyo miezi na usione kitu. Lakini ukiteremka mlima mrefu umekanyaga breki, zinashika moto, yale maji yanachemka, na pedali inazama mpaka chini bila kushika chochote. Mimi hayo sikuyajua. Yeye aliyajua.

Jumamosi moja ndugu yake mdogo, Kiprop, alikuja kuomba gari. Alitaka kumpeleka mama yao kule bonde la Kerio akamwone dada yake mgonjwa. Mama huyo sote tunamwita Kogo, vile watoto wetu wanavyomwita nyanya yao. Kipngetich mwenyewe alikuwa na mkutano wa kamati ya josho la ng'ombe. Kogo alikuwa amevaa mapema, ameketi nje na mkoba wake magotini, na majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kumuaga. Kiprop akasema kwa sauti, ili wote wasikie, "Hii ndiyo gari pekee hapa Sugoi naweza kumbebea mama yangu. Ama namna gani, kaka? Iko sawa?"

"Iko sawa kabisa," Kipngetich akasema, akampa ufunguo.

Waliondoka saa mbili. Mtu wa mkutano hakwenda mkutano. Aliketi jikoni akanywa kikombe cha chai, akaongeza kingine, macho yako mlangoni. Nikamuuliza kama anaumwa, akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na nusu aliponiambia, "Jemutai, kuna kitu nilisahau. Breki ziko na maji." Akanieleza maji hufanya nini mlimani.

Weh! Nilimwambia maneno ambayo mwalimu wa watoto kanisani kama mimi hafai kuyajua. Kisha tukashika simu. Ya Kiprop ilikuwa imezimwa. Kogo hana simu. Nikampigia dada yangu Chepkirui, ambaye anauza mboga Iten, kando ya barabara, kabla haijaanza kuteremka kwenda Kerio. "Simamisha Landrover ya kijani! Lala kwa lami ukitaka, lakini isimame!" Nilimsikia akikimbia, akiita, "Kiprop! Kiprop!" Halafu honi. Halafu akarudi kwa simu akihema.

"Ameniona," akasema. "Amenipungia mkono akapita. Alidhani namsalimia."

Nikakaa sakafuni. Kipngetich alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, na mimi niliyetoka kumtukana sasa hivi nikaanza kumhurumia. Nani hajawahi kusahau? Nikamwambia hivyo. Nikamshika mkono tukaomba.

Saa nne na nusu mtu tusiyemjua akapiga. Breki zilikataa kwenye kona. Upande mmoja kulikuwa na bonde na upande mwingine ukuta wa mlima, Kiprop akachagua ukuta. Wote wawili wako hai, lakini Kogo amevunjika nyonga.

Tulimpata Kiprop hospitalini Eldoret, kwenye benchi nje ya wodi, kichwa kimefungwa bandeji. Alipomwona kaka yake alisimama akaanza kulia. "Kaka, nisamehe. Nimeharibu gari yako, nimemvunja mama. Nafikiri nilikanyaga vibaya. Ingekuwa wewe, ungeishika."

Nilimtazama mume wangu. Kama angenyamaza hapo, haki ya Mungu, ningesema mwenyewe. Lakini alisema. "Si wewe. Breki zilikuwa na maji. Niliyaweka mimi, sikuyatoa."

Kiprop akaketi tena. Akaigusa bandeji, kisha akauliza, "Ulisahau?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibie kwamba ndiyo, alisahau, ni binadamu.

"Hapana," Kipngetich akasema. "Nilikumbuka nikikupa ufunguo. Niliona aibu, watu walikuwa wanasikia."

Kutoka wodini tukasikia sauti ya Kogo ikimuuliza nesi, "Kipngetich wangu amefika?" Nesi akachungulia mlangoni, akatuuliza Kipngetich ni nani. Kiprop akamnyooshea kidole kaka yake.