Mjumbe Aliyesema Ameona Ndani

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamtaji mkwewe, hamtazami usoni, na akimsikia anakuja hujitoa njiani akajifunika kichwa mpaka apite. Tunaita ukutila, yaani kumwogopa. Wachungaji walishasema jambo hilo si la lazima kwa Mkristo, lakini baba mkwe, na uzee wake wote wa kanisa, alilishika kwa mikono miwili. Akikaribia kijitoni alikohoa kwanza ili nipate nafasi ya kujificha. Alikuwa mtu na adabu yake, siwezi kumsingizia. Nilikaa bomani kwake miaka nikijua miguu yake na kikohozi chake, basi.

Msidhani alikuwa mtu hivihivi. Alilima kahawa na ndizi kama wengine, na kusoma kwake kuliishia kwenye Biblia, lakini watu wa milima yetu huku kusini mwa Mbeya walimchagua awe mjumbe wao kwenye baraza la wilaya. Kodi zetu zilikwenda huko, na huko ndiko walikoamua daraja lipi lijengwe na shule ipi ipate madawati. Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya, aliweka sharti moja ambalo wazee walilipenda. Kazi ya baraza ikiisha, kontrakta halipwi fedha zake za mwisho mpaka mjumbe wa eneo lile asimame mbele ya wenzake aseme, "Nimeona nje, nimeona ndani." Akishasema, imekwisha.

Baba mkwe alijivunia kazi hiyo kupita kiasi. Nikiwa jikoni nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia mama mkwe, Marta, kwamba daraja huwa halitazami kwa juu. Yeye hushuka mtoni, akaloa mpaka kiunoni, akashika nguzo moja moja. "Fedha ya mjane haitoki mimi sijaona," alisema. Mama mkwe alimjibu avue kwanza suruali iliyoloa ndipo ajisifu.

Mwaka wa hamsini na sita tukajengewa dispensari. Aliyeidai barazani ni yeye, alikaba koo mpaka wakamchoka. Kazi alipewa kontrakta mmoja wa kutoka Iringa, Kasian, mwenye lori lake na maneno laini. Kuta za matofali ya kuchoma zikapanda, mabati yakang'aa, chokaa ikapakwa. Nyuma kulikuwa na chumba cha akina mama cha kujifungulia, na sisi wanawake macho yetu yalikuwa kwenye chumba hicho.

Siku ya ukaguzi mimi nilikuwamo. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na dresa wetu, yaani mganga msaidizi wa dispensari, Philbert, alikuwa ametuita wajawazito aanze kutupima. Chumba kilikuwa na mlango mmoja na kidirisha cha juu. Saruji hakuna. Chini palikuwa udongo mtupu, umeshindiliwa na kumwagiwa maji ukatulia, na ukuta wa nyuma ulikuwa na upenyo wa kupitisha kiganja. Bado naushangaa, nikasikia kikohozi.

Jamani, ningetokea wapi? Mlango ni huo mmoja na yeye ndiye yuko pale. Nikajifunika kanga gubigubi nikachutama pembeni. Philbert akatoka akamwambia, "Mzee, mkweo yumo ndani." Miguu ikasimama. Kasian akacheka kidogo, akasema, "Basi mzee, nyumba haikimbii. Zunguka uone kuta." Akazunguka. Nilimsikia akigonga matofali kwa fimbo, akisifu mabati, akiuliza bei ya chokaa. Halafu sauti zikateremka kuelekea barabarani. Nilijua kesho yake atarudi, maana mtu anayeloa mpaka kiunoni kwa ajili ya nguzo ya daraja hawezi kushindwa kurudi kwenye chumba.

Hakurudi. Baraza lilipokaa alisimama akasema ameona nje, ameona ndani. Kasian akalipwa, akapakia vifaa vyake kwenye lori akashika njia ya Mafinga kurudi kwao, na mpaka leo hatujamtia machoni. Watu wa mlimani wakamchinjia baba mkwe mbuzi. Alishukuru kwa maneno mafupi, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Mvua zikaja. Kwetu mvua haina mzaha, na maji yalipitia ule upenyo ukutani yakakigeuza chumba kuwa shamba la mpunga. Jirani yetu Lusia, mke wa Alinanuswe, alijifungulia humo kwenye mkeka uliolowa. Mtoto wa kiume, mzuri, mwenye kilio kikubwa. Kabla ya wiki kuisha taya zake zikakaza asiweze kunyonya. Philbert alisema ni ugonjwa unaotoka kwenye udongo. Sisi wanawake ndio tuliomzika nyuma ya migomba, kama wanavyozikwa wachanga. Baba mkwe alituma mkungu wa ndizi kwa wafiwa. Lusia hakuurudisha wala hakuula. Uliivia pale mlangoni ukaoza, na kila aliyepita aliuona.

Philbert aliomba saruji barazani. Akajibiwa kwamba jengo limeshathibitishwa na mjumbe kuwa limekamilika, hesabu yake imefungwa, na fedha haitolewi mara mbili kwa kazi moja. Labda mjumbe mwenyewe afute neno lake. Mjumbe mwenyewe hakulifuta. Kanisani aliacha kiti cha wazee, akawa anakaa nyuma karibu na mlango.

Mimi siku zangu zilikuwa zinakaribia, na mume wangu Sedekia yuko machimboni Chunya. Nyumbani nisingeweza kuzaa, maana Philbert alishaniambia mtoto amekaa vibaya, lazima niwe karibu naye. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua pa kuiweka. Nikamwendea Marta.

"Mama, nifikishie neno kwa baba."

"Neno gani, mwanangu?"

"Mwambie sitaki kumzaa mjukuu wake kwenye tope alilosema ameliona."

Marta alishika mdomo. Lakini alilifikisha, maana ng'ambo ya ukuta nilisikia mtu mzima akilia. Nikaona aibu mpaka nikatoka nje.

Baraza lilipokaa tena kuangalia matumizi ya mwaka uliokwisha, wanawake tulikwenda, tukakaa nje chini ya madirisha. Nilijifunika kichwa na kusikiliza.

"Nilisema nimeona nje na ndani," baba mkwe alisema. "Ndani sikuona."

Bwana Shauri akamwuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kwa nini?"

"Mke wa mwanangu alikuwamo."

Nikasikia wazee wakiguna kwa kumwelewa. Hapo wangemsamehe, nawajua. Lawama ingenirudia mimi niliyeziba mlango, na nilikuwa tayari kuibeba ili mradi saruji ije. Ndipo mjumbe mmoja kijana, Eliezeri, mwalimu wa shule, akauliza bila ukali, "Na kesho yake, mzee, alikuwamo pia?"

Baba mkwe hakuficha.

"Kesho yake chumba kilikuwa kitupu," alisema. "Lakini njiani nilikuwa nimeshawaambia watu kwamba nimemaliza kukagua. Niliona aibu kuonekana ninarudi."

Hakuna aliyeguna. Kisha nikasikia sauti ya Alinanuswe, mume wa Lusia, ambaye hakuwa mjumbe, akiomba ruhusa ya kusema.

"Mwanangu aliishi siku sita," alisema. "Tulimpa jina la mzee huyu, kwa kuwa ndiye aliyetuletea ile nyumba." Akaketi.

Wajumbe walipitisha saruji siku ileile, na mafundi wakaja kabla matope hayajakauka barabarani. Baba mkwe alijivua ujumbe mwenyewe, hakungoja aambiwe. Alirudi kwenye kahawa yake, na watu walimsalimu vizuri, jambo ambalo nadhani lilimuumiza zaidi.

Nilijifungua juu ya sakafu kavu, mtoto wa kiume. Bomani ilikuwa inajulikana tangu zamani kwamba mvulana wa kwanza wa Sedekia ataitwa kwa babu yake, na hakuna aliyenishauri vinginevyo. Siku ya tatu Marta alikuja akaketi kitandani kwangu, akamchukua mtoto, akamtazama, akanipa ujumbe aliotumwa.

"Baba yako anasema umwonee huruma. Mtoto huyu asipewe jina lake."