Baba wa Kuazima

Nakumbuka vizuri, kuliko ninavyokumbuka juzi, asubuhi niliyotoka nyumbani kwetu Nyamianda kwenda sokoni kutafuta baba. Wangu alikuwa hai, mwanangu. Nilitaka mwingine wa kuazima, wa saa moja tu, anisimamie shuleni halafu arudi kwake.

Usicheke. Mtoto wangu wa kiume alicheka juma hili, ndiyo sababu nimeketi kuandika na mgongo huu unaniuma. Mjukuu wangu, binti yake, alirudi kutoka shule akasema yule mama mshauri wa wanafunzi anamwita mzazi. Baba yake alikuwa anafuta pikipiki. Hata hakugeuka. Akasema, "Sina muda. Chukua muntu yeyote pale kwenye parking ya pikipiki, aseme ni mjomba wako." Akacheka peke yake. Minye nilisikia uchovu wa miaka yote ile umenikalia mabegani kwa mara moja.

Basi nisikilize weye unayenisoma, kama yeye hana masikio.

Uhuru ulipokuja nilikuwa mutoto wa kuteka maji ziwani. Watu wazima walicheza mpaka vumbi likafunika njia. Tuliambiwa sasa hata watoto wa kike watasoma mpaka watoshe. Halafu ukaja uasi. Waasi waliposhika mji walichukua mitumbwi. Baba yangu alikuwa mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wakamwambia avushe watu wao. Ungekataa mbele ya bunduki? Akavusha. Askari wa serikali waliporudi, jirani mmoja alinyoosha kidole kwenye nyumba yetu, na kabla hawajafika mlangoni Baba alikuwa amekwisha kupanda mulima. Mama alikuwa amekufa wakati wa kumzaa mdogo wetu wa mwisho. Nikabaki minye na wadogo zangu wawili. Muntu akiuliza, tulijibu kama tulivyofundishwa: "Baba iko Bujumbura, anavua upande ule."

Shule ilipofunguliwa nikarudi. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa sekondari, na wasichana tulikuwa tunahesabika haraka. Lakini kulikuwa na siku za kupeleka chakula mulimani. Nilikuwa natoka na muhogo na samaki wakavu chini ya kuni, namwachia shangazi mmoja kule juu, yeye anafikisha. Siku hizo sikufika darasani. Siku nyingine nilifika, nikalala juu ya meza, mate yananitoka. Mwalimu alinipiga, nikaamka, nikalala tena. Mwishowe Direkta, mkuu wa shule, akaniita. "Kesho unakuja na baba yako. Bila baba, usiweke mguu hapa."

Unaona nilivyobanwa? Baba akishuka, atakamatwa. Asiposhuka, mimi ndio basi, narudi kutwanga muhogo mpaka nizeeke. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilifikiri nina akili.

Kila jioni nilikuwa naenda kushonea vifungo kwa Mzee Ramazani, fundi wa kushona pale sokoni, muntu wa zile familia za Kiislamu zilizokuja zamani na biashara ya ziwa. Mzee wa kofia safi na mdomo usiotulia. Asubuhi ile nilimkuta amekwisha kukaa kwenye mashini.

"Umekuja mapema. Unataka nini?"

"Nataka baba, Mzee. Wa leo."

Mguu wake ukasimama juu ya mashini. "Wa leo tu? Na kesho nakuwa nani?"

"Fundi."

"Na mama yako nilimuoa lini? Maana Mama Aziza atataka kujua."

Mke wake, Mama Aziza, akajibu kutoka ndani, "Nimesikia! Muulize huyo bwana harusi, na bugali ya mutoto nani anasonga?"

Walicheka wote wawili. Nikalia, nikawaeleza neno la Direkta. Hapo Mzee akaacha kucheka, akavaa kanzu yake ya Ijumaa ingawa haikuwa Ijumaa, akasema twende.

Sasa mwone huyo baba niliyempeleka. Shule ya misheni, msalaba juu ya mlango, na mimi ninaingia na mzee wa kanzu na kofia. Direkta alikuwa ametumwa kutoka Bukavu, hakujua watu wa mji. Lakini pembeni aliketi Mama Feza, na Mama Feza alijua kila muntu.

Nikueleze huyo mama. Baada ya vita watoto walirudi shuleni wengine hawasemi, wengine mlango ukigongwa wanaingia chini ya meza. Shule ikamweka yeye awaangalie, na aende kuona wazazi wao. Kazi yake haikuwa na jina. Siku hizi munaita mshauri, wengine konseye. Wakati ule walimu walimwita Mama wa Machozi, kwa kumcheka, na yeye alikuwa anajibu, "Bora machozi yangu kuliko fimbo yenu." Mwenyewe alikuwa mjane wa uasi uleule. Sikumwona akilia hata siku moja.

Direkta akamuuliza Mzee, "Weye ni nani kwa huyu mutoto?"

"Baba."

"Alizaliwa wapi?"

Mzee akasema, "Hapahapa." Minye, saa ileile, nikasema, "Kule Sange."

Nikaona nimekwisha. Mama Feza alikuwa amevaa blauzi iliyoshonwa na huyo baba yangu, na juma lililopita waligombana sokoni, watu wote wanasikia, juu ya mikono yake kubana. Akamtazama Mzee. Akanitazama minye. Halafu akamgeukia Direkta.

"Huyu mzee namujua. Amesema yeye ndiye wa kuulizwa juu ya huyu Nyota. Minye nimesikia, na weye umesikia. Kati ya wazazi uliowaita, wangapi wamefika tangu asubuhi?"

Direkta akaangalia benchi la wazazi. Lilikuwa tupu. Akafunga kitabu chake, akasema nirudi darasani.

Mzee alitoka nje mbiombio kama muntu aliyeponea kinywani mwa mamba. Mama Feza akatufuata mpaka nyuma ya jiko la shule, akamshika kanzu.

"Baba Nyota, unakimbilia wapi?"

"Mama Feza, acha mchezo. Nilikuja dakika mbili tu kusaidia mutoto."

"Baba wa dakika mbili simjui. Umesema mbele yangu. Basi kila mwisho wa mwezi unakuja kuangalia pointi zake za masomo. Akikosa darasani, nakuja kukuuliza weye, kwenye baraza yako, mbele ya wateja wako."

"Lakini minye Muislamu!"

"Hesabu haziulizi hilo. Na hii mikono bado inanibana."

Mzee akaondoka anatikisa kichwa. Ndipo Mama Feza akanigeukia. Nilingoja kofi. Ingekuwa afadhali kofi.

"Nyota, usinidanganye mara ya pili. Na baba yako iko wapi, usiniambie. Nisilolijua hakuna anayeweza kulitoa kinywani mwangu. Nakuuliza kitu kimoja tu. Usiku wa jana ulilala wapi, na ni mukubwa gani aliyejua umelala pale?"

Sikuwa na jina la kutaja. Hata moja, mwanangu. Kama nyumba ingetuangukia na wadogo zangu, watu wangejua siku harufu ingetoka. Nilikuwa najisifu moyoni kwamba nimebeba nyumba, nimeficha siri, nimewashinda askari. Swali lile lilinivua nguo.

"Unaona?" akasema. "Shule haina haja na baba wa kupamba benchi. Inataka mukubwa mmoja anayejua umelala wapi, umekula nini, na kitu gani kinakuzuia kuja. Weye umejifanya mukubwa wa nyumba. Nani amekuambia mabega yako yametosha?"

Alisema kwa ukali. Hakunishika kichwa, hakuniita kipenzi. Lakini jioni alikuja Nyamianda kwa miguu. Aliona wadogo zangu, aliona jungu lililo tupu. Kikapu kilichofungwa tayari kwa mulima nacho alikiona, akapeleka macho pengine. Hakuuliza cha nani. Akasema tu, "Siku ya kikapu, utaingia darasani mchana. Nitazungumza na mwalimu. Atajua una kazi ya nyumbani, na zaidi ya hapo hatajua." Kesho yake alikwenda kwa Mama Aziza, na sijui walizungumza nini, ila kuanzia siku ile wadogo zangu walishinda kwake, wanakula chakula chake. Mama Aziza alisema kwa sauti ya mtaa mzima, "Si niliuliza! Bugali nitasonga minye!"

Na Mzee Ramazani alikuja. Mwezi wa kwanza alikuja kwa kumwogopa Mama Feza. Mwezi wa pili sijui. Mwezi wa tatu alinigombeza juu ya hesabu mpaka nikachukia siku niliyomwazima.

Mwishoni mwa mwaka ule wa shule amri ikatoka serikalini kwamba waliokimbilia mulimani washuke, hawataguswa. Wengine walishuka wakaguswa, nisikufiche. Baba alishuka, na Mungu akamwacha hai. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, anashtuka mbwa akibweka. Nilidhani atafurahi kusikia bado nasoma. Alipojua nani alikuwa anasimama kwa jina lake, akakasirika vibaya.

"Niliacha mutoto, narudi nakuta amekuwa wa fundi! Watu watasema nilikufa!"

Akasema sitakwenda tena sokoni wala shuleni. Siku mbili hakula nasi. Usimhukumu. Muntu aliyejificha muda mrefu hurudi akidhani kila kitu kimepewa mwingine.

Mama Feza akaja. Hakuitwa. Akaketi kwenye mkeka mbele ya Baba, na Baba mwenyewe akaanza kusema.

"Umekuja kunifundisha kulea?"

"Hapana, baba. Nimekuja kukuambia karibu nyumbani."

Baba akanituma nilete maji ya mgeni.

"Mahali pako hakuna aliyepachukua," akasema Mama Feza. "Tulipashikilia tu, kila mmoja kwa mkono wake, ili utakaporudi upakute. Sasa umerudi. Jumamosi wanatangaza matokeo. Mahali penyewe ni pale, kwenye benchi."

Hakumlaumu, hakumbembeleza. Alikunywa maji, akashukuru, akaenda zake.

Jumamosi Baba alinyoa. Tukaenda. Mzee Ramazani alikuwa amekwisha kufika, na kanzu yake ileile, ameketi katikati ya benchi. Baba akaketi mwisho kabisa, nusu ya makalio nje. Hawakusalimiana. Direkta alikuwa anasoma majina polepole, na Baba hakujua mambo ya shule, hakujua kushinda ni pointi ngapi wala kuanguka ni ngapi. Nilimwona anaangaza huku na huku, aibu inamjaa usoni. Jina langu lilipokaribia, akashindwa. Akamwinamia yule mzee.

"Fundi. Hesabu... mwezi uliopita alipata vizuri?"

"Alianguka kidogo," Mzee akasema. "Nilimgombeza. Jiografia ndiyo anaiweza." Halafu akaongeza, bila kumtazama, "Sogea hapa, Baba Nyota, utaanguka. Hapo hutasikia."

Baba akasogea.

Nilishinda mwaka ule. Sikusoma mbele zaidi, nikuambie ukweli wote. Risasi zilirudi, shule ikafungwa, tukakimbilia ng'ambo ya ziwa, na niliporudi nilikuwa mke wa muntu. Mama Feza sikumkuta. Wengine walisema iko Bukavu, wengine walisema mengine. Nimeacha kuuliza. Vita vya nchi hii vimenichosha mpaka kwenye mifupa, na kila vikipita nahesabu nani hajarudi. Lakini mwaka ule mmoja niliketi darasani nikiwa mutoto, na sijawahi kupewa kitu kikubwa kuliko hicho.

Sasa shika maneno yangu, mwanangu. Weye uliye shuleni, usibebe nyumba peke yako ukadhani ndiyo ushujaa. Kama baba hayupo, kama mama amechoka, mutafute mukubwa mmoja wa kweli, umwambie umelala wapi. Siri ya watu wazima si lazima uimwage, mwenye busara hatakuomba uimwage. Weye uliyezaa, shule ikikuita nenda, hata kama nguo zimechanika na hujui kusoma. Hawakuiti ili wakuaibishe. Na kama mutoto wako amepata mwingine wa kumwangalia, usione wivu. Sogea kwenye benchi. Na weye uliyepewa kazi ya kushauri watoto wa watu, fika nyumbani kwao kabla ya kuwahukumu, uliza lile unaloweza kulibeba, na mzazi umshikilie nafasi yake, usiikalie.

Mtoto wangu nimemwambia jana. Akaanza tena, "Mama, sina..." Nikamwambia sawa, nitakwenda minye, na huyo mama mshauri akiniuliza baba wa mutoto iko wapi, nitamjibu yuko hai, anafuta pikipiki. Asubuhi hii amemchukua binti yake nyuma ya pikipiki, wameondoka wote wawili.

Mungu wa ziwa na mulima akuweke, mwanangu. Usikose muntu wa kukuuliza umelala wapi, na siku ukiulizwa, uwe na jibu lisilokuaibisha. Amina.