Kina cha Rimu

Katika miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa fundi wa magari mjini Tabora, na watu waliniamini kuliko nilivyostahili. Dada yangu alikuwa ameolewa na dereva, mtu mpole. Walipohamia kijiji kimoja upande wa Usinge, kule kwenye misitu na tumbaku, shemeji alikabidhiwa gari pekee la kijiji.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova iliyovuliwa bodi. Ilikuwa imebaki fremu, injini, viti viwili na jukwaa la mbao nyuma. Haikuwa na milango wala madigadi ya kuzuia tope. Wanakijiji waliiita Mifupa. Ilibeba mbolea, ilibeba tumbaku, na mvua zikianza ilibeba wagonjwa na wajawazito kuwapeleka hospitali. Lakini njia ya kule ni mchanga kiangazi na tope masika, na tairi zake nyembamba zilizama kama visu.

"Shemeji, nitafutie tairi pana," aliniambia siku aliyoileta gereji. "Juzi tumekwama na mama mwenye uchungu tangu asubuhi mpaka jua likaanza kushuka. Watu walimbeba kwa machela."

Nilipata tairi pana nne kwenye trela bovu. Rimu za gari zilikuwa nyembamba mno kwa tairi hizo, kwa hiyo nikachukua rimu za trela, nikakata sahani za katikati za rimu za zamani, zile zenye matundu ya boliti, nikazichomea ndani ya zile pana. Kazi ya namna hiyo yote imo katika swali moja: sahani ikae wapi? Ikikaa karibu na ukingo wa ndani, gurudumu linachomoza nje ya gari na kuelemea beringi. Ikikaa karibu na ukingo wa nje, gurudumu linaingia chini ya gari, kwenye springi, fimbo za usukani na mabomba ya breki.

Mimi niliweka sahani karibu na ukingo wa nje, kwa umbali uleule wa rimu za zamani. Nilitaka magurudumu yasichomoze, maana gari halikuwa na madigadi na tope lingewarukia abiria. Sikuona kwamba upana wote ulioongezeka ulikuwa umeingia ndani.

Jirani yangu uani alikuwa mtu wa Puge, fundi wa mikokoteni ya ng'ombe. Alisimama akatazama, kisha akalaza ubao ulionyooka juu ya mgongo wa rimu, ule upande unaotazama ndani ya gari, na kuingiza kijiti mpaka kikagusa sahani.

"Umepima upana," alisema. "Kina hiki umekipima?"

"Hili ni gari, ndugu yangu. Si mkokoteni."

Alichomoa kijiti chake akarudi kazini.

Nilifunga magurudumu. Kati ya tairi na bomba la mpira la breki vidole vyangu viwili vilipita, nikaridhika. Nilizungusha usukani kidogo kushoto, kidogo kulia, gari likiwa tupu uani. Sikuuzungusha mpaka mwisho. Sikupakia mzigo nione springi zikilala. Shemeji aliondoka akicheka kwa furaha.

Kwa majuma kadhaa habari zilikuwa njema, gari halikwami tena. Kisha asubuhi moja alikuwa akimpeleka mgonjwa wa homa, na mkunga wa kijiji amekaa nyuma kumshikilia. Kwenye mteremko wa korongo alikanyaga breki, pedali ikazama mpaka chini. Gari liliacha njia na kupinduka. Mgonjwa alitupwa kwenye nyasi, akapona. Shemeji alichubuka. Mkunga alivunjika mkono wa kulia, na haukuunga vizuri. Mama huyo alikuwa amepokea nusu ya watoto wa kijiji kile.

Niliitwa nikalikague gari. Niliingia chini peke yangu, na nikaona bila kutafuta: bomba la mpira la gurudumu la mbele lilikuwa limelika ubavuni mpaka likatoboka, na kwenye ubavu wa tairi palikuwa na mstari unaong'aa. Kila shemeji alipokata kona kali na mzigo, tairi langu lilikuwa likilisaga bomba.

Nilipotoka, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ananingoja mbele ya watu.

"Ndugu fundi, tuambie ukweli. Ni gari au ni dereva?"

Nikasema, "Gari lilitoka kwangu likiwa zima."

Shemeji alisema pedali ilizama, lakini neno la fundi lilikuwa zito kuliko lake. Kikao kiliamua kwamba dereva alizidisha mwendo. Wengine waliongeza kwamba alikuwa amekunywa, mtu ambaye hakuwahi kuonja pombe. Alinyang'anywa ufunguo. Alishika jembe, na hakuendesha gari tena.

Ilinichukua miaka saba kumwambia. Nilimkuta kwenye banda lake la kukaushia tumbaku, akifunga majani kwenye vijiti. Nilieleza kila kitu: sahani, kina, bomba, na nilichomjibu mwenyekiti. Hakuacha kufunga majani mpaka nilipomaliza.

"Ungeniambia siku ile ningekasirika mwezi mmoja," alisema. "Miaka yote hii nimekuwa nikiamini kwamba mguu wangu ulichelewa. Usiku naota nakanyaga breki kwenye ule mteremko. Dada yako ananiamsha."

"Nisamehe, shemeji."

"Mimi nitajaribu. Kamwambie na yule mama mkunga. Yupo Igunga kwa binti yake."

Nilimwahidi. Igunga si mbali, na mabasi hayakosekani. Nilisema nitakwenda baada ya mavuno, kisha baada ya Ramadhani, kisha gereji ikawa na kazi nyingi. Nilipofika hatimaye, mama alikuwa amezikwa wiki tatu kabla. Binti yake alinitandikia mkeka, akaniletea wali na maziwa mgando, akaniuliza mama yake nilimjuaje.

"Aliwahi kupanda gari nililolitengeneza," nilisema.

"Ah, basi karibu sana, baba," akajibu, akaniongezea wali.

Nilikula wote, kwa sababu sikujua mahali pa kuanzia.